Choma nyama na uoke piza uani, ila usinunue kila king'aacho

Msomaji wangu, bila shaka nawe umewahi kupita mbele ya rafu hiyo. Iko upande wa sufuria na vikombe vya chai, na aghalabu hupangwa upya Pasaka inapokaribia na tena mwezi wa Desemba, wakati mishahara imetoka na jamaa wa mashambani wako njiani. Juu yake utaona mkoba mweusi wenye zipu, na ndani ya mkoba vyombo kumi na vinane vya kuchomea nyama: uma mrefu kama mkuki, koleo, kisu, brashi, vijiti vya mishikaki, hata vidude vya kushikia hindi la moto usije ukaungua vidole. Kila kimoja kinang'aa. Mtoto anakuvuta mkono, baba yake anakitazama kile kisu, na kabla hujafahamu mmekwisha fika kwa karani wa pesa.

Mimi nilifika kwa karani huyo Desemba moja, miaka mitatu iliyopita, nikalipa shilingi elfu nne na mia tano. Leo nikivihesabu vile vyombo kumi na vinane, ni vitatu tu vinavyoendelea kutumika. Vishikio vya mahindi watoto wamevigeuza magari. Uma ulipinda siku ya kwanza ulipokutana na mguu wa mbuzi. Hilo la pesa ningelinyamazia, kwani si mara ya kwanza kununua nisichohitaji. Kilichonifanya niketi kuandika ni ile brashi.

Ilikuwa Jumapili, jamaa wamejaa uani, nami nilikuwa nimeusugua waya wa kuchomea kwa brashi hiyo ya nyuzi za chuma hadi ukatakata. Nyama ikaiva, ikakatwa, na watoto wakapewa sahani yao kwanza. Haikupita dakika kumi, mwana wa kakangu, mtoto wa miaka sita, akatema tonge kiganjani na kuniletea. "Shangazi, hii nyama ina mwiba," akasema.

Nyama ya ng'ombe haina mwiba. Nilipolitazama lile tonge niliona uzi wa chuma, mwembamba kama unywele na mfupi kuliko kucha ya kidole cha mwisho. Ulikuwa umeng'oka kwenye brashi, ukanasa kwenye waya, kisha ukashikana na nyama. Mtoto alikuwa ameuhisi kwa ulimi. Angekuwa na njaa zaidi kidogo angeumeza.

Sikudhani kwamba jambo hilo linajulikana mahali pengine, lakini linajulikana. Mwaka 2012 idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia kinga ya magonjwa ilichapisha taarifa kuhusu wagonjwa sita waliotibiwa katika mji wa Providence kati ya Machi 2011 na Juni 2012. Wote sita walikuwa wamemeza nyuzi za brashi za kusugulia waya wa nyama. Kuna waliochomwa kooni, na kuna waliotobolewa utumbo, ikabidi wapasuliwe kwa dharura. Brashi yangu niliitupa wiki ileile, na kama unayo ya aina hiyo nakusihi uitupe leo.

Utasafisha kwa nini basi? Uweke waya juu ya makaa makali kwa dakika kumi, mabaki yote yageuke majivu. Kata kitunguu kikubwa nusu, kishike kwa koleo, usugue waya kwa upande uliokatwa ungali wa moto. Wasio na kitunguu wanaweza kufinyanga karatasi ya aluminiamu iwe kama mpira na kuitumia vivyo hivyo. Watu wa pwani wana makumbi ya nazi, nayo yanafanya kazi hiyo vizuri kabisa. Mwisho pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Kitunguu kimoja ni bei ya chini kuliko brashi yoyote.

Baada ya brashi nilianza kuvitazama vile vyombo vingine kwa jicho la shaka, na ndipo nikafika kwenye waya wenyewe. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na si kwa sababu ya ubahili. Tukitaka waya wa kuchomea twaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kuomba ule wa kahawa, yaani ule ambao wakulima huutandaza kwenye vitanda vya kukaushia buni. Ni imara, hauna gharama, na hukatwa kwa futi. Ubaya wake ni kwamba aghalabu umepakwa madini ya zinki ili usishike kutu, sawa na mabati ya paa. Zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi takriban 420 za selsiasi, na makaa yaliyopepewa sawasawa hupita hapo bila shida. Moshi wake huleta homa na kutetemeka. Mafundi wanaochomelea vyuma vya namna hiyo wanaijua homa hiyo, na wengi wao hunywa maziwa wakiamini yatawaokoa. Ukiona waya mpya una rangi ya fedha iliyofifia kama bati jipya, na pengine madoa yanayofanana na maua, uuache ukaushe kahawa.

Waya wa kuku ni vivyo hivyo. Na yale matandiko ya chuma yanayotolewa kwenye friji iliyokufa, ambayo kila mwanamume mwenye ubunifu huyaona kama zawadi kutoka mbinguni, yaacheni pia. Hayakutengenezwa kwa ajili ya moto, na hujui yamepakwa nini.

Nilikwenda Kamukunji. Kwa wasioifahamu, ni pale karibu na kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi, ambapo huhitaji kuuliza njia kwa kuwa utafuata mlio wa nyundo. Mafundi wa hapo walikuwa wakifanya kazi juani kweli kweli, na ndiko kulikotoka jina la jua kali, hadi Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mwaka 1985 na kuagiza wajengewe vibanda. Hadi leo ndiko yanakotoka majiko, masanduku ya wanafunzi wa bweni, mikokoteni, karai na vikaango vya kila ukubwa.

Fundi niliyemkuta alinisikiliza akiwa ameshika nyundo. "Dada, wataka ya kung'aa ama ya kazi?"

"Ya kung'aa ni ya nani?"

"Ni ya wale wa kupiga picha," akanijibu, akatabasamu.

Nilimwambia nataka ya kazi. Akanitengenezea fremu ya chuma cha pembe, akapanga fito nyembamba za chuma cheusi, chuma kitupu kisichopakwa kitu, na kuzichomelea karibu karibu kiasi kwamba kidole changu hakikupita. Nafasi ikiwa pana, vipande vidogo na mishikaki huangukia motoni. Akatia vishikio viwili virefu nje ya moto. Alipofikia mkebe wa rangi ya fedha nikamzuia. Rangi huwekwa ili chombo kivutie barabarani, lakini kwenye chakula haina kazi.

Chuma cheusi kina adabu zake. Siku ya kwanza kichome kwenye moto mkali bila chakula kwa nusu saa, kisha ukipake mafuta ya kupikia kingali na joto, kama unavyofanya na kikaango kipya cha chapati. Ukikiacha kwenye mvua kitashika kutu. Kikishika, sugua, choma tena na upake mafuta. Kile kisichoshika kutu kabisa kinapatikana pia, ni kizuri, na bei yake huenda ikawa mara tatu au nne. Mwenye uwezo anunue. Ila muulize muuzaji kama ni chuma kisichoshika kutu hadi ndani au ni cheusi kilichopakwa mng'aro juu, na ukwaruze kidogo kwa ncha ya ufunguo mahali pasipoonekana.

Kuhusu jiko lenyewe sitasema mengi. Jiko la udongo lenye kiuno, lile lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, linahifadhi makaa kuliko lile la bati tupu na kila nyumba inalijua. Kwa kuchomea nyama ya watu wanne linatosha. Kwa jamaa kumi utahitaji kitu kipana, kwa sababu nyama nzuri yataka sehemu mbili: upande wenye makaa mengi wa kuibabua, na upande usio na makaa au wenye machache wa kuiivisha polepole. Pipa lililokatwa nusu kwa urefu linafaa sana, mradi ujue lilikuwa na nini. La mafuta ya kupikia ni salama. La dawa za viwandani au la rangi, hata lioshweje, mwachie mwenyewe. Na miguu ya jiko iwe mirefu, jiko lifike kiunoni mwa mtu mzima, waya uwe juu ya makaa kwa kiasi cha kiganja kilichosimama. Jiko la chini ni la kumchoma mtoto anayekimbiza mpira.

Makaa ya mgunga na miti mingine migumu huwaka muda mrefu bila cheche nyingi. Yasubiri yavae majivu meupe kabla hujaweka nyama. Usiwashe kwa mafuta ya taa, nyama itanukia taa hadi jioni, wala kwa plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini bado kuna watu wanaowasha moto kwa chupa na vifuniko. Jihadharini pia na mbao za kuokota. Nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa huweza kuwa na sumu ya aseniki, nayo haiishi kwa kuungua.

Sasa yale yaliyobaki mkobani. Koleo ndicho chombo cha kwanza kununua, na nunua mawili, moja la makaa na moja la nyama. Liwe refu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kulijaribu ni rahisi: tupa sarafu ya shilingi kumi sakafuni hapo hapo dukani uiokote kwa koleo. Likishindwa, au likiyumba, lirudishe kwenye rafu. Muuzaji atakuangalia kwa mshangao, mwache aangalie. Uma hauhitajiki. Kila unapoidunga nyama mafuta huchuruzika motoni, miali ikaruka, na ukabaki na kipande cheusi nje, kibichi ndani.

Vijiti vya mishikaki vya chuma viwe bapa. Vya duara huzunguka ndani ya nyama, hivi kwamba unageuza kijiti na nyama inabaki palepale, upande mmoja ukiungua na wa pili ukikutazama. Vya mianzi viloweke kwenye maji nusu saa kwanza.

Glavu nakushauri usinunue zile za kitambaa chenye maua. Nenda kwa wauzaji wa vifaa vya mafundi ununue za ngozi, zile za wanaochomelea vyuma, zinazofika karibu na kiwiko. Zinavumilia zaidi na hazigharimu zaidi. Leso, na nasema hivi nikiwa mpenzi wa leso, haifai kabisa kando ya moto, hasa yenye pindo linaloning'inia.

Brashi ya kupakia maji ya chumvi waweza kuitengeneza. Funga pamoja majani ya kitunguu na dania, uchovye, upake. Majani yakiungua unafunga mengine.

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho zamani nilikidharau, nacho ni kipimajoto chenye sindano. Wachomaji wetu wa Kenyatta Market na wa Kikopey kando ya barabara ya Nakuru hawakihitaji. Mtu aliyechoma mbuzi kwa miaka ishirini hubonyeza kwa kidole na kujua. Lakini wewe na mimi tunaochoma mara moja kwa mwezi hatuna kidole hicho, na kuku haonyeshi kwa nje kama ameiva. Dunga sindano mahali penye nyama nene zaidi bila kugusa mfupa. Ikisoma nyuzi 74 za selsiasi, mpe mtoto ale. Nyama ya kusaga ifike 71. Na ubao uliokatia kuku mbichi usirudi mezani na kuku aliyeiva. Weka mbao mbili, upake mmoja alama ya moto kwenye pembe ili hata mgeni ajue upi ni upi.

Tumefika kwenye piza, ambayo watoto wa siku hizi wanaidai kuliko nyama yenyewe. Rafu ile ile ya supamaketi ina jibu lake: jiwe la duara la kuokea, koleo la mbao lenye kipini kirefu, gurudumu la kukatia, na pengine tanuri dogo la chuma linalouzwa kwa bei ya kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Kabla hujafungua pochi, tujiulize piza inataka nini.

Nchini Kenya piza ina wenyeji wa zamani. Waitaliano walianza kufika Malindi kwa wingi miaka ya 1960, baada ya serikali yao kujenga kituo cha kurushia vyombo vya anga huko Ngomeni, kaskazini mwa mji. Chombo cha kwanza kilirushwa kutoka baharini Aprili 1967. Wengine walikuja kwa kazi, wengine kwa bahari, nao wakaja na tanuri zao za kuni. Ukipita kwenye mkahawa wa Malindi wenye tanuri ya aina hiyo, simama utazame. Moto uko pembeni, chini kuna matofali yaliyokolea joto, na juu kuna kuba linalorudisha joto chini. Kwa utaratibu wa mji wa Napoli, piza ilikotoka, joto hukaribia nyuzi 480, na piza huiva kwa dakika moja au moja na nusu.

Maana yake piza yataka moto chini na moto juu kwa wakati mmoja. Sasa muulize nyanya yeyote wa Lamu au Mombasa jinsi alivyokuwa akioka mkate wa sinia kabla ya umeme kufika kwake. Atakuambia: makaa chini, na juu ya kifuniko unapalia makaa mengine. Tanuri tunayouziwa kwa maelfu imekuwa majikoni mwa pwani miaka yote hii, bila mkoba wala zipu.

Nami nilijaribu hivyo. Badala ya jiwe la kununua nilitumia kikaango cha chapati, kile kizito cha chuma ambacho hakikosekani katika nyumba ya Mkenya. Chuma kizito hushika joto na kulitoa sawasawa, na hiyo ndiyo kazi yote ya lile jiwe. Kifuniko kiwe cha chuma chenye ukingo wa kuzuia makaa yasianguke, na kiwe na mshikio wa kunasia kwa koleo. Fundi wa Kamukunji atakukatia kwa vipimo vya kikaango chako. Usitumie sufuria nyepesi ya aluminiamu. Madini hayo huyeyuka kwenye nyuzi 660, na sufuria kavu iliyofunikwa makaa yanayopepewa yaweza kulegea na kutoboka.

Kama umeshikilia lazima upate jiwe, basi nunua lililotengenezwa kwa kazi hiyo, na usilimwagie maji likiwa na moto, litapasuka. Usiokote jiwe mtoni, wala usichukue kipande cha jiwe la Mazeras kilichobaki mafundi walipotandaza uani. Mawe ya namna hiyo hunyonya maji, na maji yakigeuka mvuke ndani, jiwe hulipuka na kurusha vipande. Vigae vya sakafuni vyenye mng'aro navyo haviwekwi chakula, kwani mng'aro huo waweza kuwa na risasi.

Unga: gramu 500 za unga wa ngano, mililita 300 za maji ya uvuguvugu, kijiko kidogo cha hamira kavu, kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi, na mafuta kidogo. Kanda dakika kumi, funika, uache uumuke hadi uwe maradufu. Mombasa ni kama saa moja, Nairobi mwezi wa Julai hata mbili. Utapata madonge manne, kila moja litoshe kikaango cha kawaida.

Rojo ya nyanya ipike kwanza ikauke, kwa kitunguu saumu na mrehani kama unao. Jibini ikwaruzwe, na isiwe nyingi. Kosa la kwanza la kila mtu, nami nikiwemo, ni kurundika. Nyama, hoho, uyoga, mananasi, kila kilichoko kwenye friji. Piza nzito hutoa maji, na chini yake hubaki ubichi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya kupalia. Pasha kikaango kwa dakika kumi juu ya makaa ya wastani, na kifuniko pembeni juu ya makaa makali. Tandaza unga juu ya mgongo wa sinia ulionyunyiziwa unga wa mahindi, ndiyo, huu wa ugali, kwani chembe zake hufanya unga wa ngano uteleze. Hilo sinia ndilo koleo lako la mbao. Paka rojo, nyunyiza jibini, telezesha kikaangoni, funika, palia makaa juu. Usifunue kwa dakika nne. Kwangu huiva kati ya dakika tano na saba, na makaa ya juu lazima yazidi ya chini, sivyo chini kutaungua kabla jibini haijababuka.

Ya pili haihitaji hata kikaango. Tandaza unga moja kwa moja juu ya ule waya wako wa fito nyeusi, dakika moja hadi mbili, hadi upande wa chini uwe na mistari. Ugeuze. Upande ulioiva, ambao sasa uko juu, ndio unaopakwa rojo na jibini, kisha unasogeza kwenye sehemu isiyo na makaa na kufunika kwa karai lililogeuzwa. Njia hii ilipata sifa kwenye mkahawa mmoja uitwao Al Forno, uliofunguliwa mwaka 1980 katika mji wa Providence huko Marekani. Naam, Providence ule ule wa wagonjwa sita na nyuzi za brashi.

Gurudumu la kukatia usinunue. Makasi safi ya jikoni hukata piza vizuri kuliko gurudumu butu, na watoto hufurahia.

Nanyi wanafunzi mnaoishi chumba kimoja, sijawasahau. Mna mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu, kikaango na kifuniko. Inatosha. Kaanga upande mmoja wa unga bila mafuta, geuza, paka rojo na jibini, funika, punguza moto uwe wa mwisho kabisa kwa dakika tano au sita. Juu haitababuka, hilo mlikubali, lakini jibini itayeyuka na mtakula wanne kwa bei ya kipande kimoja cha mjini. Koleo moja zuri mwaweza kuchangishana.

Msichoweza kufanya ni kuingiza jiko la makaa chumbani. Hata mvua ikinyesha nyama ikiwa nusu, hata kama ni baridi ya Julai na makaa yamebaki mazuri. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huendelea kuitoa hata yanapoelekea kufa na hayatoi moshi tena. Si mara moja wala mbili tumesoma habari za aila nzima iliyolala na jiko na haikuamka. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Kibaraza chenye vioo pande zote ni chumba pia. Kwa wanaoishi kwenye maghorofa, mwombe msimamizi wa jengo ruhusa ya kutumia paa, na upande na ndoo ya mchanga kabla ya kupanda na nyama.

Wageni wakiisha kwenda na watoto wakiwa bado wanakimbizana gizani, majivu yaliyoonekana kufa saa moja jioni huwa na makaa ndani yake hadi asubuhi. Yamwagie maji polepole ukiwa umesimama mbali na mvuke, yakoroge kwa lile koleo la makaa, yamwagie tena. Kisha yatie kwenye debe la chuma lenye kifuniko, si kwenye pipa la takataka la plastiki, na debe lenyewe ulilaze nje mbali na ukuta.